Kikoti cha Kinono

Kinono alipotulia katikati ya maji, chini hagusi na juu hachungulii, fundi cherehani alipiga kigelegele kirefu mpaka mama mkwe wake, aliyekuwa amesinzia kwenye kiti sebuleni, akatoka mbio na kiatu kimoja mguuni akiuliza nani kajifungua.

"Hajajifungua mtu, mama! Kinono ametulia!"

"Ametulia? Kwani alikuwa anaumwa?"

"Tazama mwenyewe, mama. Tazama!"

Bibi akainama juu ya hodhi la zege lililokuwa nyuma ya nyumba, lile ambalo mkwewe hulowekea vitambaa anavyovitia rangi. Ndani ya maji ya buluu aliona ndoo mbili za plastiki zilizounganishwa mdomo kwa mdomo, taa mbili mbele kama macho ya mtu aliyeshtuka, kamera katikati yake, pangaboi dogo la kusukumia nyuma, na waya mrefu uliotoka mgongoni kwenda kwenye kompyuta ya mjukuu wake. Kitu kizima kilikuwa na kilo ishirini, nacho kilikaa pale majini bila kushikwa na mtu. Bibi akasema eti hata yeye angetulia hivyo kama angehudumiwa na watu watatu kwa miezi mitatu.

Mjukuu mwenyewe, msichana wa mwaka wa mwisho chuo cha ufundi, alikuwa anaruka ruka huku mikono yake ikiwa ya buluu mpaka kwenye viwiko. Wazo lote lilitoka kwa samaki wa bibi, mmoja tu, mwekundu, anayeishi kwenye chupa kubwa ya kioo juu ya meza. Samaki yule hakuwa na haraka wala jitihada. Alisimama katikati ya maji siku nzima bila kupiga pezi, na msichana alikaa mbele yake majuma mawili akiandika, mpaka bibi akaanza kumwonea wivu samaki. Siri ilikuwa tumboni. Samaki ana kibofu cha hewa. Kikijaa anapanda, kikinywea anashuka, kikiwa sawasawa anakaa pale pale alipo.

Basi na Kinono naye akapewa kibofu. Kilikuwa mpira wa ndani wa gurudumu la baiskeli, na pampu ndogo ya kuhamisha hewa kutoka kwenye chupa ngumu kuingia kwenye mpira, na kuirudisha. Taabu ni kwamba mpira ulivimba upande mmoja tu, Kinono akapinduka miguu juu, ingawa miguu hakuwa nayo. Hapo ndipo mama wa msichana alipoitwa. Fundi aliupima mpira kwa futi yake ya kitambaa kama anavyowapima mabibi harusi, akaushonea kikoti cha turubai, akakibana kwa mikunjo miwili mbele na miwili nyuma. Mpira ukavimba kwa adabu. Siku tano walikuwa wakiongeza na kupunguza vipande vya chuma tumboni mwa Kinono, na mchana huu wa Ijumaa, bila kuaga, akatulia.

"Mama, unajua tumefanya nini?" msichana aliuliza.

"Najua. Tumemwokoa baba yako," fundi alijibu, na kigelegele cha pili kikamtoka bila kutaka.

* * *

Baba alikuwa mzamiaji wa idara ya maji. Kila mwezi alishuka ndani ya tangi kuu la mji, tangi la zege lenye kina cha mita nane na giza la kaburi, akakagua sakafu na nguzo kama zina nyufa. Kazi hii aliifanya miaka kumi na tisa, na bomba la nyumbani kwake lilitoa maji Jumanne tu, siku nyingine lilikohoa. Majirani hawakuchoka kumtania kwa hilo. Yeye mwenyewe alikuwa wa kwanza kucheka.

Lakini ngoma ya sikio lake la kushoto ilikuwa imetoboka. Mwezi uliopita maji baridi yaliingia humo, kichwa kikamzunguka, akaogelea kwa nguvu zake zote kwenda juu mpaka akagonga kichwa kwenye sakafu. Alipanda kwa bahati tu, akifuata kamba kwa mikono. Daktari alimwambia akizama tena asije kumlaumu mtu. Mkuu wa idara naye alisema mambo mawili, akayasema kwa upole, jambo lililomuudhi fundi zaidi. Kama hicho chombo cha binti yako kitakagua tangi Jumamosi, utabaki kazini ukikiendesha. Kikishindwa, ama uzame mwenyewe ama ukabidhi vazi tumpe mwingine.

"Nitazama mwenyewe," baba alikuwa amejibu, na neno hilo alilirudia nyumbani kila alipoulizwa.

Jioni ile alikaa kwenye ngazi ya mlango akilipaka vazi lake la mpira unga wa talki ili liteleze vizuri mwilini. Fundi akaja akaketi kuliani kwake, upande wa sikio zima. Wenyewe nyumbani walishazoea kumzunguka hivyo.

"Hilo la nini? Kinono ametulia, umemwona."

"Nimemwona. Mzuri sana."

"Sasa?"

"Sasa nalipaka unga."

"Mume wangu, sikiliza. Mimi sikuolewa na vazi. Kesho liache nyumbani."

"Mke wangu, nikienda bila vazi nitaonekana nimekwenda kutazama sinema." Akacheka, akamgusa pua kwa kidole chenye unga. "Kinono akifanya kazi, nitarudi nalo kavu. Kwani lina ubaya gani kutembezwa?"

Fundi alitaka kugomba, lakini furaha ya mchana ilikuwa bado inamtekenya, akajikuta naye anacheka na pua yake nyeupe. Aliogopa, hata hivyo. Aliogopa kwa sababu alimfahamu mumewe: mtu ambaye huwezi kumshika pabaya kwa sababu kila ukimshika anakuchekesha.

* * *

Jumamosi asubuhi walifika langoni kwa gari la mizigo la jirani, Kinono amefungwa kwenye blanketi, na bibi amepakata chupa ya samaki.

"Huyo samaki haingii," mlinzi alisema.

"Haingii vipi? Ndiye mwalimu," bibi alijibu. "Mwanafunzi ana mtihani leo, wewe unamfukuza mwalimu?"

Mlinzi alifikiri, akaona isiwe tabu, akafungua lango. Juu ya paa la tangi, karibu na mfuniko wa chuma uliokuwa umeshafunguliwa, mkuu wa idara alikuwa anawangoja na shati lake jeupe lililopigwa pasi mpaka mikono ikasimama yenyewe. Alimtazama Kinono aliyekuwa wa buluu kutoka chini mpaka juu, akaitazama mikono ya msichana, kisha ya mama yake.

"Hii rangi itatoka kwenye mabomba ya watu?"

"Haitoki, bwana mkuu," fundi alisema. "Rangi yangu haichuji. Waulize wateja wangu."

"Wateja wako hawainywi, mama. Msugueni."

Wakamsugua. Fundi alipiga magoti juu ya zege akamsugua Kinono kwa brashi na dawa ya kusafishia vyombo vya tangi, ndoo ya kwanza, ya pili, ya tatu, huku mkuu akisimama kando akisema pale, na pale, na kwapani. Kinono hakuwa na kwapa. Msichana aliuma midomo kuzuia kicheko, mama yake akamwona, na wote wawili wakainamisha vichwa mabega yakitikisika. Mkuu alidhani wanalia, akalainika kidogo, akasema basi inatosha.

"Sikilizeni sharti," alisema. "Chini kuna tope laini la miaka mingi. Chombo kikizungusha pangaboi kwa nguvu kama meli, tope litatifuka na mji mzima utakunywa uji. Nataka kielee juu ya tope, shibiri moja, kimya, kitazame, kitoke."

"Ndivyo alivyofundishwa," bibi alisema, akiinyanyua chupa ya samaki kama ushahidi.

Wakamshusha kwa kamba kupitia mfuniko. Kompyuta iliwekwa juu ya stuli, na wote wakasongamana mbele ya kioo chake. Kinono aliingia majini, taa zake zikapenya giza, mita moja, mita mbili. Msichana akabonyeza ili asimame.

Kinono hakusimama.

"Jaza kibofu," baba alisema.

"Nimejaza."

"Ongeza."

"Imefika mwisho, baba! Kikoti kimekaza, mpira hauna pa kwenda!"

Mita nne, sita, nane. Kinono alikaa chini ya tangi kwa kishindo, na kioo chote kikawa rangi ya chai ya maziwa. Mkuu alimpigia simu mtu fulani akamwambia afunge bomba kubwa haraka, watu wasipate maji kwa saa mbili, ndiyo, tena, ndiyo, aseme ni matengenezo. Halafu akamgeukia baba, wala hakupandisha sauti.

"Mzee, vazi umekuja nalo?"

"Ninalo."

"Baba!" msichana alilia. "Jana alitulia! Mlimwona wote! Sijabadilisha kitu, hata skrubu moja!"

"Najua, mwanangu. Chombo chako kizuri." Na tayari alikuwa amevua shati, ameingiza miguu yote miwili ndani ya vazi, unga wa talki unaruka. "Tope likitulia kidogo nakwenda kukuletea."

Fundi hakubishana naye. Aliishika ile kamba akaanza kuivuta kwa nguvu ambazo hakujua anazo, mkono juu ya mkono, kilo ishirini na maji yake, akisema kwa kila mvuto: "Huendi. Huendi. Huendi." Msichana akaja kumsaidia. Bibi aliweka samaki chini akashika mwisho wa kamba, hakuvuta chochote lakini aliguna kuliko wote. Kinono alipofika mfunikoni aligonga ukingo, akawamwagia maji usoni, mengine yakamwingia fundi mdomoni.

Akatema. Akasita. Akalamba mdomo tena.

"Haya maji hayana chumvi," alisema.

"Mama nanihii, haya ni maji ya kunywa," mumewe alisema, mguu mmoja umeshakanyaga ngazi ya ndani ya tangi. "Yatakuwaje na chumvi?"

"Ya nyumbani yanayo."

Msichana aligeuka polepole sana. "Maji gani ya nyumbani?"

"Ya hodhi. Ya kulowekea vitambaa. Unadhani rangi yangu haichuji kwa maombi? Natia chumvi ndiyo inashika."

"Mama. Unatia chumvi kiasi gani?"

"Mfuko."

"Mfuko wa kilo ngapi?"

"Kumi," fundi alisema, na sauti yake ilikuwa imeanza kuwa ndogo.

Msichana alikaa chini. Halafu, badala ya kulia, akaanza kucheka, kicheko cha kupoteza pumzi. Siku tano nzima amempima Kinono kwa uzani wa gramu kwenye maji ya chumvi! Maji ya chumvi ni mazito, yanabeba zaidi. Maji matamu hayana mgongo huo. Yeye alijua hesabu zote za maji lakini hakujua kilichomo hodhini. Mama yake alijua kilichomo hodhini, ila hakuona kwa nini mwanafunzi wa ufundi aambiwe mambo ya rangi. Wala maji mengine ya kina nyumbani hayakuwapo, bomba likikohoa.

"Sasa unacheka nini?" fundi alimfokea, naye kicheko kimeshamfika kooni. "Baba yako anazama huko!"

"Anahitaji hewa zaidi tu, mama! Kinono! Kidogo tu!" Akaandika hesabu kwa kidole kwenye zege lililolowa. "Robo lita na ushee."

"Robo lita ndiyo nini kwa nguo?"

"Kama... kama glasi moja."

"Glasi moja?" Fundi akajifuta uso, akawa mtu mwingine, mtu wa dukani kwake. "Huo ni mkunjo mmoja. Mkasi wangu uko wapi?"

Akampindua Kinono mapajani, akamfungua kiuno, akaingiza ncha ya mkasi kwenye mshono. Hajawahi katika maisha yake kufumua kitu huku mumewe ananing'inia nusu ndani ya shimo. Nyuzi zilikatika moja moja, tik, tik. Nguo ngapi za shule alishazifumua hivi, mtoto amenenepa likizoni, mzazi anagomba! Mikono ilijua njia yenyewe. Mkunjo wa mbele ukafunguka, kikoti kikapumua. Akakata uzi wa mwisho kwa meno.

"Dakika kumi, bwana mkuu," alisema bila kunyanyua kichwa. "Na wewe, mume wangu, panda. Ukishusha mguu wa pili humo nakushonea miguu ya hilo vazi pamoja."

Mkuu alitazama saa. Alimtazama baba kwenye ngazi, uso umemtoka jasho, mkono mmoja umeshika chuma na mwingine umefunika sikio la kushoto lisipigwe na upepo. Aliuona mkono ule. "Panda, mzee," akasema. "Bomba limeshafungwa, na tope halijatulia bado. Dakika kumi tunazo."

* * *

Safari ya pili Kinono alishuka kama mtu anayeingia msikitini au kanisani akiwa amechelewa, taratibu, asimsumbue mtu. Mita saba. Msichana akabonyeza. Ndani ya kikoti mpira ulivimba, ukapata pa kwenda, ukaenda. Kinono akasimama shibiri moja juu ya tope. Hata chembe moja haikutifuka.

Kigelegele cha fundi kiligonga kuta za tangi kikarudi kama vigelegele vya ukumbi mzima. Bibi alimbusu samaki kupitia kioo. Mkuu, mtu mzima na shati lake, alipiga makofi mara mbili kisha akaficha mikono nyuma.

Halafu wote wakainamia kioo cha kompyuta. Taa za Kinono zilipita juu ya sakafu iliyokuwa na mawimbi madogo madogo ya tope, nguzo ya kwanza, nguzo ya pili, zege limeota utando mwembamba wa kijani. Mbali kidogo na taa hapakuwa na kitu kabisa, giza tu. Fundi hakuwahi kupaona mahali hapa. Miaka kumi na tisa alikuwa akimfungia mumewe chakula, akimwambia safari njema kama mtu anayekwenda ofisini.

"Humu ndimo ulimokuwa unashinda?" aliuliza.

"Humo humo. Hapo, sakafuni chini ya ile nguzo, ndipo nilipogonga kichwa."

"Peke yako?"

"Kamba ilikuwepo."

Fundi akalia palepale, wazi, bila kujificha, na huku anacheka, machozi yanamwingia mdomoni na hayo nayo yana chumvi. Mumewe alimshika bega, hakuwa na utani wowote mdomoni safari hii.

Kwenye nguzo ya tatu Kinono akasimama mwenyewe bila kutikisika, msichana akamsogeza kidogo kidogo, na kioo kikaonyesha ufa mwembamba kama uzi, umepinda kuelekea sakafuni. Mkuu alisogea mpaka pua ikakaribia kioo.

"Huu ulikuwepo mwezi uliopita?"

Baba alitafakari. "Mwezi uliopita sikuwa naona vizuri, bwana mkuu. Nilikuwa natafuta juu ni wapi."

Mkuu alikunja midomo, akangoja Kinono avutwe nje, kisha akatoa kwenye mkoba fomu ya kila mwezi na kalamu, akaiweka juu ya stuli kando ya kompyuta. Baba alikuwa ameshajitenga, ameketi ukingoni mwa paa amewapa sikio la kushoto, anavua vazi lake na kulikunja.

"Jina la mzamiaji," mkuu alisoma. Msichana alitaja jina la baba yake. "Hapana. Utaratibu unasema aliyezama ndiye anayeandikwa. Jina?"

Wakatazamana. "Kinono," msichana alisema.

"Ki-no-no. Uzito?"

"Kilo ishirini."

"Amekunywa kileo ndani ya saa ishirini na nne zilizopita?"

"Alilala kwenye blanketi langu," bibi alisema. "Ningejua."

"Anapatwa na kizunguzungu?"

"Jana hapana. Leo alizirai kidogo, lakini ni kwa sababu ya mama," msichana alisema, na fundi akamfinya.

"Masikio," mkuu alisoma. "Yote mawili ni mazima?"

Swali hili baba alikuwa akiulizwa kila mwezi, na mara mbili za mwisho alikuwa amelijibu ndiyo, yote mawili, bila kupepesa jicho, halafu akazama. Fundi alijua. Mkuu, kwa namna alivyoinamia karatasi, pengine naye alijua. Kalamu ilingoja juu ya kisanduku.

Msichana akamtazama Kinono, ndoo mbili na taa mbili, anachuruzika maji juu ya zege.

"Hana," alisema.

Mkuu akaandika: Hana. Akalisoma aliloliandika, mabega yakaanza kumtikisika, akaishiwa nguvu, na bibi akafuata, na msichana, wakacheka mpaka mlinzi kule chini akapiga kelele akiuliza kuna nini.

Baba aligeuka na vazi mapajani, anatabasamu tu kwa sababu wengine wanacheka, kama anavyofanya mtu ambaye neno limempita. Fundi alimwendea. Akamzunguka kwa nyuma, akaketi kuliani kwake, akamwekea mdomo sikioni.

"Ameulizwa kama masikio yake ni mazima. Imeandikwa hana."

Akamtazama Kinono. Akalitazama vazi, kavu kutoka gotini kwenda juu. Kisha kikamtoka, kicheko kikubwa cha tumboni kilichomlaza chali juu ya paa la tangi, wenzake wote wameshamaliza kucheka na mkuu ameshafunga mkoba wake, na mkewe akaketi pale pale, upande ule ule, akimsubiri amalize.